Hesabu ya fedha inapokataa kulingana kwenye kompyuta: dalili, sababu na marekebisho

Mwongozo huu umetokana na malalamiko yale yale ambayo nimekuwa nikiitiwa kwa miaka mingi katika maduka, maghala na ofisi za uhasibu hapa Lubumbashi, kuanzia wauza vifaa vya ujenzi wa Kampemba hadi wafanyabiashara wa unga wanaopitisha mizigo yao mpakani Kasumbalesa: ankara imezidi senti moja, deni lililolipwa lote bado linaonekana, faranga zilizoandikwa jana zimebadilika leo. Anayepiga simu kwa kawaida ameshaamua kwamba kompyuta ina virusi au kwamba keshia ni mwizi, na mara nyingi sana si hiki wala si kile. Namba humu zimeandikwa kama tunavyoziandika Kongo, yaani mkato unatenga desimali na nafasi inatenga maelfu. Utaona mara moja kwamba jambo hilo dogo lenyewe ni chanzo cha matatizo.

Kabla ya kugusa chochote

Funga programu, nakili faili au hifadhidata yote kwenye flashi au diski nyingine, na uandike tarehe na saa ya nakala hiyo. Usiongeze mstari wa "marekebisho" ili vitabu vilingane, hata kama tofauti ni senti mbili, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo ushahidi utakaoonyesha kosa lilipoingilia, na ukishaifunika, atakayekuja baada yako atatafuta kitu kisichoonekana tena.

Halafu tazama ukubwa wa kosa. Kosa la mara mia au mara elfu halitokani kamwe na namna kompyuta inavyohifadhi desimali. Linatokana na mkato na nukta. Kompyuta nyingi hapa kwetu zimewekewa mipangilio ya Kifaransa, ilhali orodha za bei zinazotoka Zambia au Afrika Kusini zimeandikwa kwa mtindo wa Kiingereza, ambamo 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Ikisomwa kwa mipangilio yetu, jenereta ya dola 1 250 inauzwa dola moja na robo. Ukikuta hivyo, rekebisha mipangilio ya kuingiza faili, uingize upya orodha nzima, na huna haja ya kusoma sehemu zinazofuata. Kosa la senti moja hadi senti chache kwa ankara moja ni la kukadiria, yaani la namna namba inavyofikishwa kwenye senti iliyo karibu nayo. Kosa linaloonekana kama 0,00000000000000004 ndilo la msingi wa mbili lenyewe, yaani la namna kompyuta inavyohesabu kwa 0 na 1 tu, likiwa halina nguo.

Kwa nini senti kumi haziingii kwenye kompyuta

Mchukue muuza unga ambaye mawe yake ya mizani ni ya nusu kilo, robo, nusu ya robo, na kuendelea hivyo, kila jiwe likiwa nusu ya lililotangulia. Mwambie akupimie sehemu moja ya kumi ya kilo, yaani gramu 100 kamili. Ataweka jiwe la 1/16 na la 1/32, apate gramu 93,75. Ataongeza la 1/256, afike 97,65625. Ataongeza la 1/512, afike 99,609375. Na hata akipewa mawe madogo kama vumbi atakaribia tu, hatafika. Kwa mizani ile gramu 100 hazina mwisho, kama vile kwetu sisi theluthi moja isivyo na mwisho tunapoiandika 0,333.

Kompyuta inayohesabu kwa msingi wa mbili iko katika hali hiyo hiyo. Aina ya namba inayotumika zaidi, ambayo waandishi wa programu huiita DOUBLE na ambayo kanuni zake ziliwekwa katika kiwango cha IEEE 754 mwaka 1985, ina nafasi 53 za mawe hayo na si zaidi, kwa hiyo 0,10 huhifadhiwa kama 0,1000000000000000055 na tarakimu nyingine zinazofuata. Katika senti zote za dola, kuanzia 00 hadi 99, ni nne tu zinazoingia bila mabaki: 00, 25, 50 na 75. Zile nyingine 96 ni za karibu tu. Kumbuka hizo nne, kwa maana zitatusaidia kumtambua mkosaji hapo chini.

Waliotangulia katika fani hii walilijua jambo hili vizuri. IBM 1401, mashine ya biashara iliyotangazwa mwaka 1959, ilihesabu kwa msingi wa kumi kama mhasibu. Lugha ya programu ya COBOL iliwaruhusu waandishi kutangaza namba yenye nafasi mbili za senti tangu mwanzo. Na IBM System/360 ya mwaka 1964 ilikuwa na amri zake maalumu za kujumlisha desimali. Ila lugha nyingi tunazotumia leo huchukua msingi wa mbili pale mwandishi asipochagua, na IEEE 754 yenyewe haikuwa na aina za desimali za msingi wa kumi mpaka toleo lake la mwaka 2008. Hivyo mwandishi wa programu asiyefikiri juu ya fedha anaangukia msingi wa mbili bila kujua kwamba amechagua kitu.

Dalili: jumla ya ankara haikubaliani na mistari yake

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Mteja anajumlisha mistari ya ankara, au fakitire kama tunavyoiita sokoni, kwa kikokotoo cha simu, na anapata senti moja hadi tano tofauti na zilizoandikwa chini.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni kwamba senti zimefichwa, hazikukadiriwa. Katika Excel, kuchagua kuonyesha nafasi mbili za desimali hakubadilishi namba iliyo ndani ya kisanduku. Kunabadilisha sura yake tu, na SOMME (SUM katika Excel ya Kiingereza) hujumlisha kilicho ndani. Ili kuhakikisha, chagua safu ya bei na uongeze nafasi za desimali zinazoonekana hadi sita. Zikitokea tarakimu ambazo hukuziona, umepata kosa. Dawa ni kukadiria ndani ya fomula yenyewe, kwa mfano =ARRONDI(C5*16%;2), ambayo kwa Kiingereza ni ROUND, na kufanya hivyo pale tu ambapo kiasi kinakuwa fedha halisi ya kudaiwa. Lipo chaguo katika Excel linalolazimisha namba zote za faili zifuate kile kinachoonekana. Ninakusihi usiliguse, kwa maana hufuta tarakimu zilizofichwa moja kwa moja, na ukishahifadhi faili huwezi kuzirudisha.

Sababu ya pili ni mahali TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, inapokadiriwa. TVA yetu ya asilimia 16, iliyoanza kutozwa Januari 2012, inaweza kukokotolewa kwa kila mstari au kwa jumla, na njia hizi mbili hazitoi jibu moja. Chukua mistari kumi, kila mmoja wa dola 2,15. TVA ya mstari mmoja ni 0,344, inayokadiriwa kuwa 0,34, na mara kumi ni 3,40. TVA ya jumla ya 21,50 ni 3,44 kamili. Tofauti ni senti nne, na hakuna msingi wa mbili wala wa kumi utakaoiondoa, kwa sababu hesabu zote mbili ni sahihi. Hapa kinachohitajika ni uamuzi: mhasibu achague njia moja, iandikwe, na ankara, vitabu na tamko la kodi vifuate njia hiyo hiyo. Ikiwa mwezi umeshatangazwa kwa DGI, yaani ofisi ya kodi, simama. Usibadilishe fomula kurudi nyuma. Mwite mhasibu kwanza.

Sababu ya tatu ni kanuni mbili za nusu. Namba inapoangukia katikati kabisa ya senti mbili, wengine huipandisha daima, na wengine huipeleka kwenye tarakimu shufwa iliyo karibu, ili kwa muda mrefu zinazopanda na zinazoshuka zifidiane. ARRONDI ya Excel hupandisha: 0,125 inakuwa 0,13. Amri ya Round katika makro za VBA, yaani programu ndogo zinazoandikwa ndani ya Excel, pamoja na round ya lugha ya Python na Math.Round ya lugha ya C# zisipoelekezwa vingine, hutoa 0,12. Nimetumia 0,125 kwa makusudi, kwa sababu namba hiyo inaingia kamili kwenye msingi wa mbili, kwa hiyo tofauti unayoiona ni ya kanuni tupu. Nimeona ofisi ambamo jedwali la Excel na makro iliyo ndani yake vinabishana hivi mwaka mzima.

Ni baada ya kuzimaliza hizo tatu tu ndipo umshtaki msingi wa mbili. Nusu kilo ya bidhaa ya dola 1,15 ni 0,575, ambayo inapaswa kupanda kuwa 0,58. Lakini 1,15 ndani ya mashine ni pungufu kidogo, 1,1499999999999999, na nusu yake haifiki 0,575, kwa hiyo programu inashusha hadi 0,57. Mfano unaotajwa sana ni wa Mike Cowlishaw wa IBM, wa simu ya senti 70 yenye kodi ya asilimia 5: jibu ni 0,735, lakini mashine ya msingi wa mbili hupata 0,73499999999999998 na kumtoza mteja 73 badala ya 74. Excel huyarekebisha mengi ya namna hii kimyakimya ndani ya ARRONDI, ndiyo maana Excel na programu ya duka zinaweza kutofautiana ilhali zote zinafuata kanuni moja ya nusu.

Jambo moja lililonichukua muda kulitambua: asilimia 16 ya bei yenye senti kamili haiwezi kamwe kuangukia kwenye nusu senti. Kumi na sita mara senti zozote ni namba shufwa, na nusu senti ingehitaji zidio hilo liishie na 50 huku likigawanyika kwa nne, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba TVA yako imekosewa kwa sababu ya msingi wa mbili, na bei zako zina nafasi mbili za desimali, mrudishe kwenye sababu ya kwanza na ya pili. Punguzo la asilimia 5 au 2,5, na bidhaa za kupimwa kwa kilo, ndiko nusu senti zinakoishi.

Dalili: deni limelipwa lote, lakini mashine inasema bado

Salio linaonekana 0,00, au kitu cha ajabu zaidi, -0,00, na ankara inabaki katika orodha ya wasiolipa. Mteja mwenye heshima zake anapigiwa simu kudaiwa sifuri.

Mwombe keshia akuonyeshe malipo yaliyofanywa kwa awamu. Ikiwa mteja alichukua bidhaa za dola 3,30 akalipa 1,10 kisha 2,20, mashine inajumlisha na kupata 3,3000000000000003, inalinganisha na 3,3, na kuona kwamba si sawa. Kwa mtu wa nje ni upuuzi. Kwa mashine ni namba mbili tofauti. Unaweza kulishuhudia jambo lenyewe katika Excel: andika =1*(0,5-0,4-0,1) katika kisanduku kitupu, nawe utapata -2,78E-17 badala ya sifuri.

Katika jedwali, dawa ni kukadiria tofauti kabla ya kuilinganisha na sifuri: =SI(ARRONDI(D2-E2;2)=0;"imelipwa";"bado"), ambapo SI ni IF ya Kiingereza. Katika programu ya duka, dawa ya kudumu ni kuhifadhi fedha kama senti kamili, bila desimali yoyote, au katika aina ya desimali ya kweli. Iwapo huna msimbo wa programu, usijaribu kufuta madeni hayo moja moja kwa mkono; mpelekee aliyeiandika mfano wa 1,10 na 2,20, huo mmoja utatosha ili aelewe.

Dalili: senti moja inapotea, tena kwa bei zile zile

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili linaumiza watu.

Nilikaa siku nzima katika duka moja la vifaa vya ujenzi ambako kila jioni malipo ya simu yalikuwa pungufu yakilinganishwa na ripoti ya mauzo. Upungufu ulikuwa wa senti thelathini, arobaini, pengine sitini, na mwisho wa mwezi ulikatwa kwenye mshahara wa mama aliyekaa kwenye kisanduku cha fedha. Patro, yaani mwenye duka, alipotoka nje, aliniambia kwa sauti ya chini: "Papa, mimi sikukula hata senti moja, lakini kila mwezi niko nalipa." Nilichukua bobini ya karatasi ya siku ile, nikaikunjua juu ya meza, na kila muamala uliopungua nikauzungushia kalamu nyekundu. Misumari ya 4,35: umepungua. Rangi ya 19,99: umepungua. Bawaba za 4,50: sawa. Kufuli za 4,25: sawa. Nilipofika mwisho wa karatasi, hapakuwa na mduara hata mmoja kwenye bei iliyoishia na 00, 25, 50 au 75.

Mwizi hachagui senti namna hiyo. Programu ya duka, ilipotuma ombi la malipo kwa simu, ilizidisha bei kwa 100 ili kupata senti, kisha ikachukua namba kamili kwa kukata kilichobaki. Katika DOUBLE, 19,99 mara 100 ni 1998,9999999999998, na ukikata unabaki na 1998. Vivyo hivyo 4,35 mara 100 ni 434,99999999999994, inayokatwa kuwa 434. Mteja alilipa 19,98 kwa simu yake bila kujua, ripoti ikasubiri 19,99, na tofauti ikamwangukia mama yule. Si kila bei isiyo kamili hupotea hivi, kwa maana nyingine mabaki yake huelekea juu na kukata hakuzidhuru, na ndiyo sababu kosa lilionekana kama wizi wa hapa na pale.

Ukaguzi wake ni ule wa kalamu nyekundu, na hauhitaji fundi. Marekebisho ni ya mstari mmoja wa msimbo: kadiria baada ya kuzidisha, kabla ya kugeuza kuwa namba kamili. Marekebisho bora zaidi ni kusoma bei kama maandishi na kuyageuza moja kwa moja kuwa senti au desimali bila kupitia DOUBLE. Hata wanaotumia BigDecimal ya Java au Decimal ya Python huteleza hapa: wakiiundia namba kutoka kwa DOUBLE badala ya maandishi "19.99", wanahifadhi kwa uaminifu mkubwa kosa lililokwisha kuingia.

Kukata badala ya kukadiria huwa hatari zaidi pale jibu la leo linapotumika kesho. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianza kielezo chake cha bei za hisa kwa 1 000 mwezi Januari 1982, na kila mara kilipokokotolewa upya tarakimu zilizozidi tatu baada ya mkato zilitupwa. Kufikia Novemba 1983 kilionyesha takriban 524, ilhali hesabu iliyorudiwa vizuri ilitoa takriban 1 098.

Ikiwa kuna mfanyakazi anayeshtakiwa au kukatwa mshahara kwa tofauti za namna hii, sitisha makato hayo siku hiyo hiyo, hifadhi bobini na nakala ya hifadhidata, na mwite mtu asiye mwandishi wa programu hiyo aipitie.

Dalili: faranga nyingi zinagoma kuongezeka au zinabadilika tarakimu za mwisho

Unaandika 16 777 217, unaweka, ukifungua tena unakuta 16 777 216, au namba iliyoishia na masifuri mawili. Hii ni FLOAT, ndugu mdogo wa DOUBLE, yenye nafasi 24 tu. Juu ya 16 777 216 haiwezi kushika namba witiri. Juu ya 33 554 432 inaruka kwa nne nne. Nchi inayohesabu kwa dola inaweza kukaa miaka bila kugundua, lakini sisi tunahesabu pia kwa faranga, na faranga milioni kumi na saba ni lori moja la unga wala si utajiri. Programu iliyoandikwa na mtu aliyewaza dola tu hufika hapa na kuvunjika.

Ukaguzi ni kuandika namba hiyo hiyo, 16 777 217, katika ankara ya majaribio. Ikibadilika, acha kutumia programu hiyo kwa faranga leo, na hapa ndipo mahali pa kumwita mtaalamu bila kuchelewa. Safu ya hifadhidata inaweza kugeuzwa kutoka FLOAT kwenda DECIMAL(18,2) kwa amri moja katika MySQL au PostgreSQL, lakini tarakimu zilizokwisha kupotea hazirudi kwa kugeuza aina. Zinapaswa kuandikwa upya kutoka kwenye karatasi. Katika Access tumia aina ya Monétaire (Currency kwa Kiingereza), inayoshika nafasi nne za desimali bila kosa. SQLite, ambayo iko ndani ya programu nyingi za simu, haina aina ya desimali hata ukiandika jina lake. Humo hifadhi senti kamili. JavaScript pia ihesabiwe senti kamili, nayo itakuwa sahihi hadi 9 007 199 254 740 991.

Namba ndefu za akaunti za benki zinazogeuka sifuri mwishoni katika Excel ni jambo jingine: Excel hushika tarakimu 15 tu. Ziandike kama maandishi.

Dalili: dola zikienda kwenye faranga na kurudi, hazirudi zile zile

Kagua kwanza kama kiwango cha kubadilishia fedha kimehifadhiwa kwa njia mbili. Tuseme kiwango cha siku ni faranga 2 800 kwa dola. Kinyume chake ni 0,000357142857, na kuendelea. Aliyekiandika 0,00036 anageuza faranga milioni moja kuwa dola 360, wakati jibu ni 357,14. Kosa hili halina uhusiano na msingi wa mbili, nalo ni kubwa kuliko yale ya senti yaliyotangulia. Nchi za Ulaya zilipoingia kwenye euro, kanuni yao ya mwaka 1997 ilipiga marufuku kutumia kiwango cha kinyume na kukadiria kiwango chenyewe. Nadhani kila duka la Lubumbashi lingeweza kuifuata kanuni hiyo kama ilivyo. Hifadhi kiwango kwa upande mmoja tu, ugawanye unaporudi, na katika kila muamala uandike vitu vitatu: kiasi kilicholipwa, sarafu yake, na kiwango cha saa ile. Wanaogeuza kwacha kuwa dola kisha faranga wasikadirie katikati, wakadirie mwishoni.

Sababu ya pili ni chenji. Faranga ilipozaliwa upya mwaka 1998 ilikuwa na noti za sentimi. Leo keshia hana kitu cha kurudisha chini ya faranga 50 au 100, kwa hiyo anakadiria kwa mkono na ripoti haijui. Weka mstari wa pekee wa tofauti ya chenji katika programu. Hapo tofauti inakuwa na jina, na keshia halaumiwi.

Dalili: kugawa hakurudishi jumla

Usafiri wa dola 100 kutoka Kasumbalesa, ukigawanywa kwa wenye mizigo watatu, ni 33,33 kila mmoja, jumla 99,99. Usimtafute fundi. Desimali ya msingi wa kumi nayo haiwezi theluthi, na anayekuahidi kwamba DECIMAL itaondoa tofauti zote hakuelewa kazi yake. Mmoja alipe 33,34 kwa kanuni inayojulikana, kwa mfano mwenye mzigo mkubwa.

Dalili: ripoti moja, jumla mbili

Ripoti ile ile ikitoa jumla tofauti kwenye kompyuta mbili, huenda mistari inajumlishwa kwa mpangilio tofauti. Katika DOUBLE, ukijumlisha 0,1 na 0,2 kwanza, kisha 0,3, unapata 0,6000000000000001. Ukianza na 0,2 na 0,3 unapata 0,6. Ikiwa tofauti inafika senti kamili, au inakua kila siku, hiyo si ya mpangilio. Kuna data iliyopotea au iliyorudiwa, na ni kazi ya mtaalamu wa hifadhidata.

Kabla ya kununua programu mpya

Mwombe muuzaji akuachie programu kwa nusu saa, nawe uingize haya mbele yake. Jumlisha 0,10 mara kumi na uone kama inalinganishwa kuwa sawa na 1,00. DOUBLE hupata 0,9999999999999999. Lipa ankara ya 3,30 kwa 1,10 na 2,20, uangalie kama inafungwa. Tuma malipo ya simu ya 19,99 na ya 4,35. Uza nusu kilo ya bidhaa ya 1,15, kisha bidhaa ya 0,70 yenye nyongeza ya asilimia 5. Andika ankara ya faranga 16 777 217, uiweke, uifungue tena. Ingiza orodha ya bei yenye 1,250 ya Kiingereza. Mwisho muulize fedha zimehifadhiwa katika aina gani ya safu, na kanuni ya nusu senti ni ipi. Akijibu kwamba hayo ni mambo ya kompyuta na huna haja ya kuyajua, usilipe mpaka aliyeiandika programu aje mwenyewe kukujibu.